Wimbo Usiopigiwa Makofi: Maisha ya Hezron Were Obuya, Mpiga Piano wa Riruta

Kasisi wetu, wazee wa kanisa, wanakwaya, majirani wa Riruta, ndugu zetu mliofika jana kwa basi kutoka Funyula, na wageni wetu mliotoka Westlands, Kitisuru na katikati ya jiji, familia ya Hezron Were Obuya inawashukuru kwa kuacha kazi zenu na kuja kuketi nasi. Mimi ni Milcah, dada yake, niliyemfuata kuzaliwa, na nimepewa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake kabla hatujaanza safari ya kumpeleka nyumbani jioni ya leo, Ijumaa, tarehe 23 Oktoba 2009. Tarehe nitakazozitaja nimezihakikisha pamoja na wifi yangu Phoebe na watoto, na pale ambapo hatuna hakika nitasema hatuna hakika. Wengi wenu mlimjua kwa muziki wake, na wengi mmesikia nusu ya habari ya tamasha la mwaka wa 2003, ile nusu iliyomharibia jina, kwa hivyo familia imeniomba niieleze yote, kwa sababu marehemu ameacha ombi moja linalotokana na tamasha hilo, na ombi lenyewe linawahusu ninyi nyote mlioketi hapa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Mei 1947 katika kijiji cha Ganjala, Funyula, wilaya ya Busia, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Yonah Obuya, aliyekuwa seremala, na marehemu Mama Dorcas Nabwire, aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu la nyumbani kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote ninayemkumbuka. Tulizaliwa sita, na sasa tumebaki watatu. Nyumbani hapakuwa na redio wala kinanda, lakini mama alikuwa akiimba asubuhi alipokuwa akiwasha moto, na marehemu, kabla hajajua kusoma, alikuwa akimwambia kwamba leo ameanza wimbo juu kuliko jana, jambo ambalo mama alilichukulia kwanza kuwa utovu wa adabu, kisha akagundua kwamba mtoto alikuwa akisema kweli.

Hapa sina budi kuwaeleza wageni wetu jambo ambalo sisi wengine tumekua nalo. Katika kanisa letu la Ganjala kuna wimbo ambao haumo katika kitabu cha nyimbo, wala hatujui ulitungwa na nani, na huimbwa kwa nafasi moja tu, jeneza linaponyanyuliwa kwenda kaburini. Huimbwa kwa sauti tupu, bila kinanda wala ngoma. Ukianza, aliyeketi husimama, mwenye kofia huivua, anayezungumza hunyamaza, na ukiisha hakuna anayepiga makofi wala kusema amina, watu hubaki wamesimama hadi jeneza lipite. Mama ndiye aliyekuwa akiuanzisha, peke yake, kabla wengine hawajaingia, na sisi tuliohamia Nairobi tulikuja nao hadi katika kanisa hili.

Marehemu alianza masomo mwaka wa 1955 katika shule ya kanisa pale pale Ganjala, ambako mwalimu wa kwaya aliwafundisha watoto kusoma muziki kwa do-re-mi zilizoandikwa ubaoni kwa chaki, na mwaka wa 1963 akajiunga na shule ya upili ya misheni, ambako kwa mara ya kwanza aliona kinanda. Kilikuwa cha kukanyagwa kwa miguu, na wanafunzi walioruhusiwa kukigusa walikuwa wawili tu, marehemu hakuwa mmojawao, lakini alijitolea kufagia kanisa, akapewa ufunguo, na huo ufunguo ndio uliokuwa shule yake ya muziki. Mwaka wa 1965 mkuu wa shule alimkuta akipiga wimbo wa Komunyo kwa namna ambayo, kwa maneno ya mkuu huyo, ilikuwa ikichezesha mabega, akamwadhibu kufyeka uwanja mzima wa mpira, na marehemu alikuwa akisema kwamba huo ndio uhakiki wa kwanza aliowahi kupata, na kwamba ulikuwa wa haki, kwa sababu mabega yalikuwa yakicheza kweli. Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 1966 na kufaulu vizuri.

Mwezi wa Januari 1967 alikuja Nairobi kutafuta kazi ya ukarani, akapokewa na mjomba wetu hapa Riruta, na baada ya kuzunguka ofisi za mjini bila kupata kitu, akachukuliwa kibarua katika duka la marehemu Mzee Harbhajan, lililokuwa karibu na Mtaa wa Biashara, ambako piano ziliuzwa na kutengenezwa. Kazi yake ilikuwa kubeba, na wanaojua uzito wa piano wataelewa kwa nini hadi mwisho wa maisha yake alilalamika kuhusu mgongo na kamwe si kuhusu vidole. Mzee Harbhajan alikuwa mtu mkali mwenye moyo mwema, alikuwa na santuri nyingi za jazi ya Marekani ambazo alizicheza dukani saa ya chakula cha mchana, na siku alipomkuta kibarua wake akizijibu santuri hizo kwenye piano ya mteja, hakumfukuza, alisimama nyuma yake hadi santuri ikaisha, kisha akamwambia, "Were, wewe napiga kama nafukuza ng'ombe. Pole pole, bwana. Hii kitu nasikia." Maneno hayo, kwamba chombo nacho husikia, yaliingia katika familia yetu, hata leo mtoto akifunga mlango kwa nguvu huambiwa hivyo. Kutoka kwa mzee huyo marehemu alijifunza kurekebisha sauti za piano, kazi aliyoifanya hadi mwaka wa 2007, na nyumba nyingi za Westlands na Kitisuru zilimjua kama fundi kabla hazijajua kwamba anaweza kuzipiga zile piano alizokuwa akizitengeneza.

Alianza kupiga muziki katika hoteli za katikati ya jiji mwaka wa 1972, kwanza pamoja na bendi za dansi, baadaye peke yake au na watu wawili, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma, na kuanzia mwaka wa 1989 alikuwa na kazi ya kila Ijumaa jioni katika hoteli moja ya Westlands. Tutakuwa tunadanganya tukisema kwamba alipendwa na wote waliomsikia. Wengi walikuwa wakila. Mteja mmoja alimkatiza katikati ya wimbo aliokuwa ameutunga mwenyewe akamwambia, "Maestro, shikilia hapo kidogo, kuna mtu ana bathdei meza ya nne," naye akashikilia, akapiga wa kuzaliwa, watu wakala keki, akarudi pale pale alipoachia kana kwamba hapakuwa na kilichotokea. Gazeti la kwanza kumtaja, mwaka wa 1978, lilisema kwamba ana mkono mzito wa kushoto, na la pili, mwaka wa 1986, lilisema kwamba mkono huo huo wa kushoto ndio unaomtofautisha na wapiga piano wengine wa Nairobi, na marehemu alizikata habari zote mbili akazibandika pamoja ndani ya mlango wa kabati la nguo, akisema zikae humo zibishane zenyewe. Huku Riruta nako, baraza la kanisa lilimsimamisha kupiga kinanda cha kanisa hili, alichokuwa akikipiga kila Jumapili, mwaka wa 1979 kwa sababu ya kupiga muziki mahali panapouzwa pombe, likamrudisha mwaka wa 1984, baada ya aliyekuwa amechukua nafasi yake kuhamia Nakuru, na marehemu hakuuliza lolote, alikuja Jumapili, akakipangusa vumbi, akaanza.

Tarehe 14 Desemba 1974, katika kanisa hili, marehemu alifunga ndoa na Phoebe, aliyekuwa fundi cherehani, na Mungu akawajalia watoto watatu, Obuya, aliyezaliwa mwaka wa 1976, ambaye ni fundi wa umeme Mombasa, Ivyne, aliyezaliwa mwaka wa 1980, ambaye ni mwalimu wa piano hapa Nairobi, na Nabwire, aliyezaliwa mwaka wa 1985, ambaye ni muuguzi. Ameacha wajukuu wanne. Hakumlazimisha mtoto yeyote kufuata muziki, na kuhusu Obuya, ambaye hajui kupiga hata filimbi, alikuwa akisema kwamba hiyo ni zawadi aliyowapa majirani. Alikuwa mume aliyerudi nyumbani, na Phoebe ameniomba niliseme hilo wazi, kwa sababu watu walikuwa na dhana zao kuhusu wanaume wa hotelini.

Sasa nitaeleza habari ya tamasha. Mama yetu alifariki tarehe 17 Juni 2003, akazikwa Ganjala, na siku ya mazishi basi alilopanda marehemu liliharibika njiani, likachelewa, hata alipofika uani akakuta wimbo umekwisha kuimbwa na mama amekwisha kupita. Alikwenda moja kwa moja kaburini, akachukua jembe kwa mtu aliyekuwa akifukia, akaendelea kufukia yeye hadi kaburi likajaa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo akapata jambo alilolingoja tangu alipoanza kazi hii, tamasha lake mwenyewe, Jumamosi, tarehe 8, kuanzia saa kumi jioni, katika ukumbi mmoja wa katikati ya jiji, jina lake likiwa peke yake kwenye bango. Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa wageni wa Westlands na Kitisuru, wengi wao wakiwa watu aliowatengenezea piano, na nyuma tulikaa sisi wa Riruta, kwaya nzima, ambao wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuingia ukumbi ule, na tulimpigia makofi kwa nguvu, hata mahali ambapo wimbo ulikuwa haujaisha, mpaka watu wa mbele wakawa wanageuka kututazama.

Kisha, bila kutangaza chochote, marehemu akaanza wimbo wa mwisho, na kabla haujafika mbali tukaujua. Ulikuwa ule wa jeneza. Aliuanza kwa mkono wa kulia peke yake, pole pole, kama mama alivyokuwa akiuanza kabla wengine hawajaingia, na sisi wa nyuma tukasimama sote bila kuambiana, wanaume wakavua kofia, na hakuna aliyetoa sauti. Wageni wa mbele walipogeuka na kutuona tumesimama walidhani tamasha limekwisha, wakasimama nao, wakachukua mikoba na makoti, wengine wakaelekea milangoni huku piano ingali ikilia, na mlinzi alipoona hivyo akafungua milango na kuwasha taa zote. Wimbo ulipoisha marehemu aliinuka akainama mbele ya ukumbi ambao nusu yake ilikuwa ikitoka na nusu yake imesimama kama miti, na hapakupigwa kofi hata moja.

Jumanne iliyofuata mhakiki wa muziki wa gazeti moja, Bi. Lalita wa Kitisuru, ambaye ni mpiga piano na mwalimu wa piano, aliandika kwamba Bwana Were ni fundi hodari aliyejaribu kuwa msanii, na kwamba watu wake mwenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kusimama waondoke kabla wimbo wa mwisho haujaisha, wala hakuna aliyempigia makofi. Alichokiandika ndicho alichokiona. Bi. Lalita yupo pamoja nasi leo, ameketi karibu na mlango, na ametupa ruhusa ya kuyasoma haya, nasi tunamshukuru. Baada ya uhakiki huo hoteli ya Westlands ilimwambia marehemu kwamba haitamhitaji tena siku za Ijumaa, na watu waliokuwa wameahidi kurekodi muziki wake wakaacha kupokea simu. Huku mtaani kinyozi wake, Musembi, alimuuliza mbele ya wateja, "Kumbe ni wewe ulitawanya watu mjini bila rungu? Si serikali ikuandike kazi," na marehemu akacheka pamoja nao, akalipa, akatoka, na kwa muda mrefu baada ya hapo alinyolewa nyumbani na Phoebe.

Nilimwendea nikamwambia aende gazetini akaeleze desturi yetu, kwa sababu jina lililoharibika lilikuwa la baba yetu pia. Alinisikiliza hadi nikamaliza, kisha akanijibu, "Milcah, nikienda kule nitakuwa naenda kumwombea mama makofi. Hiyo nitaisema na mdomo gani? Wacha tu." Phoebe ndiye aliyenieleza baadaye kwamba walipokuwa wakirudi kutoka ukumbini marehemu alisema neno moja tu, "Walisimama," na kwamba alilisema kama mtu aliyepokea habari njema, kwa sababu ule wimbo alioukosa mwezi wa Juni alikuwa ameupiga mwenyewe, na watu wake walikuwa wameujua bila maneno na kumsindikiza mama pamoja naye. Lakini Phoebe alisema pia kwamba mumewe alikuwa mpiga piano, na mpiga piano aliyengoja tamasha lake kwa zaidi ya miaka thelathini, likaishia kwa ukimya na mlio wa viti, hawezi kusema hakuumia. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake pamoja, na kwa miaka mitatu alitengeneza piano za watu na kupiga kinanda hapa kila Jumapili, na uhakiki ule wa Bi. Lalita aliubandika katika mlango wa kabati pamoja na zile habari mbili za zamani, mahali anapouona kila asubuhi akivaa shati.

Mwezi wa Agosti 2006 jirani yetu Sifuna, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti lile lile, alifariki, na ibada yake ilifanyika katika kanisa hili. Wafanyakazi wenzake walikuja, Bi. Lalita akiwa miongoni mwao, akapata kiti cha nyuma, kando ya Phoebe, na hawakuwa wakijuana. Marehemu alikuwa mbele kwenye kinanda, na jeneza liliponyanyuliwa aliweka mikono magotini, kwa kuwa wimbo ule hauhitaji kinanda, kwaya ikauanza, na kanisa zima likasimama. Bi. Lalita ana sikio zuri, aliutambua wimbo huo kuwa ule wa tamasha, akainuka nusu, akamuuliza mama aliyekuwa kando yake kama watu wanaondoka. Phoebe alimjibu, "Hapana, mama. Huu ukianza unasimama, mpaka mtu wetu apite. Na haupigiwi makofi." Baada ya jeneza kupita Bi. Lalita aliketi, akauliza kama ni hivyo siku zote, hata ukipigwa mahali pengine, hata ukipigwa kwa piano bila maneno, na Phoebe, ambaye kufikia hapo alikuwa ameanza kuelewa ni nani anayemuuliza, akamwambia, "Hata kwa piano. Hata huko mjini. Nilikuwa pale, na aliyepiga ni mzee wangu, yule pale mbele." Phoebe anasema mgeni wake aliangalia mbele kwenye kinanda, kisha akamshika mkono, na wakatoka nje wakiwa wameshikana hivyo.

Mwezi wa Septemba Bi. Lalita aliandika tena, katika ukurasa ule ule, na maneno yake nayanukuu kama yalivyo, nimeyageuza tu kwa Kiswahili chetu, "Niliandika kwamba watu walisimama ili waondoke. Walisimama ili waage. Niliona kila kitu siku ile, na sikumuuliza mtu hata mmoja." Hakuongeza sifa za kumpoza marehemu, hata ule mkono wa kushoto aliusema tena kwamba wakati mwingine ni mzito, na marehemu alimheshimu zaidi kwa sababu hiyo. Aliikata habari hiyo akaibandika chini ya ile ya 2003, ambayo hakuitoa, na Jumamosi iliyofuata akaenda kunyolewa kwa Musembi, ambaye alimkataza kulipa.

Baada ya hapo mambo yalifunguka. Hoteli ilimwita tena, CD yake ya pekee ikarekodiwa, na tarehe 17 Machi 2007, Jumamosi, akapewa tamasha la pili katika ukumbi ule ule. Safari hii wote walikuwa wamesoma gazeti. Alipoanza wimbo wa mwisho ukumbi mzima ulisimama kwa pamoja, mabwana na mabibi wa Kitisuru wakainamisha vichwa, mlinzi wa mlango akavua kofia ya kazi, na wimbo ulipoisha hakuna aliyethubutu kupiga makofi, kwa maana kila mmoja alikuwa amefundishwa kwamba haupigiwi, wakatoka wakinyata kama watu wanaotoka kumtazama mgonjwa. Marehemu alirudi nyuma ya pazia, akaketi juu ya sanduku, akacheka hadi akafuta macho, akamwambia Ivyne, "Sasa wote wamejua. Ni nani atanipigia makofi?" Hata hotelini ilikuwa hivyo kwa muda, Ijumaa moja meza mbili zilisimama kwa heshima katikati ya wimbo wa mapenzi, chakula kikapoa, na marehemu hakuwa na moyo wa kuwaambia waketi. Alifurahi sana mwaka ule. Tunamshukuru Mungu kwamba aliuona.

Mwezi wa Novemba 2007 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia mwaka uliofuata akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu kila wiki. Aliacha kazi ya hoteli Juni 2008, akamkabidhi Ivyne kinanda cha kanisa mwezi wa Desemba, na kila Jumapili alikaa kiti cha tatu kutoka mbele, akimwonyesha kwa kidole kimoja pale Ivyne alipokuwa akikimbiza wimbo. Wauguzi wanatuambia kwamba alipokuwa ameunganishwa na mashine vidole vya mkono uliokuwa huru havikutulia, vilikuwa vikicheza juu ya shuka, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa akimuuliza leo ni wimbo gani, naye akimtajia. Alifariki Jumanne, tarehe 13 Oktoba 2009, saa mbili asubuhi, Phoebe akiwa kando yake, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, ambao hawakumficha hali yake wala hawakumkatia tamaa. Tunawashukuru majirani wa Riruta, waliotupikia na kuketi nasi tangu siku ile ya kwanza, wanakwaya, Kasisi wetu, mama Muthoni wa nyumba ya pili, aliyekaa na Phoebe usiku na mchana, wafanyakazi wa hoteli waliokodi basi kuja hapa, na wanamuziki wenzake wa besi na ngoma, waliomvumilia. Tunawashukuru watu wa magazeti, waliomsifu na waliomkosoa, kwa sababu mtu asiyesikilizwa hakosolewi. Tunamshukuru Bwana Tejas, mwana wa Mzee Harbhajan, aliyeileta piano mnayoiona hapa mbele kutoka dukani kwao jana mchana, bila kuombwa, na vijana sita wa kwaya walioishusha kwenye gari, ambao sasa wanajua marehemu alikuwa akiongea nini kuhusu mgongo.

Nimebaki na lile ombi. Mwezi wa Agosti mwaka huu, akiwa nyumbani, marehemu alituita Phoebe, Ivyne na mimi, akatuagiza kwamba siku atakapotoka katika kanisa hili wimbo wa mama usiimbwe, upigwe kwa piano, kama alivyoupiga yeye mjini, na Ivyne ndiye aupige. Nilimkumbusha kwamba wazee wa nyumbani watakuwepo na hawajazoea hivyo. Akasema, "Wasimame vile tunasimama, mpaka nipite. Lakini ukiisha, waambie wapige makofi. Si ya msiba, Milcah. Ni yale ya 2003."

Kasisi amekubali, ingawa aliniuliza mara mbili. Wazee wetu wa Ganjala nilizungumza nao jana jioni, na mkubwa wao akasema kwamba mtu akidai chake hapewi somo, hupewa chake. Basi itakuwa hivi. Jeneza likinyanyuliwa Ivyne ataanza kwa mkono wa kulia peke yake, na sote tutasimama, kofia zitavuliwa, hakuna atakayesema, wala hakuna atakayechukua mkoba wake. Tutangoja mpaka kaka yangu apite mlango ule, na mpaka sauti ya mwisho inyamaze kabisa. Hapo ndipo nawaomba, ninyi wa mbele na ninyi wa nyuma, mpige makofi, na myapige kwa nguvu ili yamfikie hadi kwenye gari.

Were, mwana wa Nabwire, nenda ukapumzike kwa amani. Tulikusikia.